Barua za Tervasuo Zilizoishia Mvukeni

Haya ninayokusimulia sikuambiwa na mtu. Niliyaona kwa macho yangu haya mawili, na pale macho yalipozibwa na mvuke niliyasikia kwa masikio, na masikio yangu hayajanidanganya hata siku moja. Nilikuwa fundi mabomba wa chama cha maji cha Tervasuo, huko Ufini. Ukienda kuwauliza Wafini wale watakwambia hawakumbuki kuniona. Waache. Mfini hakumbuki kumwona hata mkewe kama hakuna sababu.

Ilianza kwa harufu.

Jumatatu moja ya Novemba, Aulikki Romppanen, katibu wa chama, alifungua ofisi saa mbili asubuhi, akatundika koti, akavua viatu, akasimama na soksi zake za sufu katikati ya chumba akinusa. Ilikuwa harufu ya majani mabichi ya mti wa betula yaliyolowekwa katika maji ya moto, yale matawi ambayo watu hujichapia wakioga mvuke. Harufu ya Juni. Nje miti yenyewe ilikuwa mitupu kama miiba ya samaki.

"Sabuni mpya ya kudekia," akajisemea, akawasha kompyuta.

Saa nne maabara ikapiga simu. Maji ya shambani yameingia katika kisima kikuu, vijidudu vya kinyesi vimeonekana. Aulikki, mwanamke wa miaka hamsini na tisa asiyewahi kuchelewa hata kwa daktari wa meno, aliandika taarifa kwa dakika nne: chemsheni maji kabla ya kunywa mpaka mtakapoambiwa. Akaituma kwa nyumba mia tatu na arobaini. Mkutano mkuu ulishapitisha kwamba taarifa zote za chama ziende kwa barua pepe, na watu wale wakishapitisha jambo mkutanoni limepita hata paa likiwa linawaka. Kompyuta ikasema zimetumwa. Hakuna barua iliyorudi. Aulikki akanywa kahawa yake kwa moyo mweupe.

Alhamisi alfajiri simu yake ililia. Alikuwa Saimi, binti yake wa pekee, anayekaa ng'ambo ya ziwa, mwendo wa kilomita ishirini na sita.

"Mama, tuko hospitali. Oiva anatapika tangu jana. Wamemtundikia dripu."

Oiva alikuwa na miezi mitatu. Mjukuu wa kwanza.

"Amekula nini, mwanangu?"

"Mtoto wa miezi mitatu anakula nini, Mama? Maziwa! Maziwa niliyomkorogea kwa maji ya bomba lenu! Daktari ananiuliza kama sikupata taarifa. Taarifa gani? Umetutumia watu wote ukaniruka mimi?"

"Nimekutumia, Saimi. Naiona hapa. Jina lako lipo."

"Basi imekwenda wapi?"

Aulikki akaifungua orodha tena, jina lipo. Na usiulize kwa nini majirani hawakumwambia. Kule jirani anaweza kukaa miezi miwili bila kugonga mlango wako, na hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Mtoto alipona. Daktari alisema safari hii ameponyoka, lakini tumbo changa vile likipigwa tena kabla halijakaa sawa, yeye haahidi kitu. Kisima kilisafishwa, maabara ikasema maji ni mazima, na Aulikki akaenda mwenyewe hadi hospitali, akamshika binti yake mabega. "Maji sasa ni salama. Naapa." Saimi akamwamini, akarudi nyumbani na mtoto, akaacha kuchemsha. Ukumbuke kwamba aliacha kwa neno la mama yake.

Baada ya hapo Aulikki hakulala vizuri. Alianza kupiga simu nyumba moja moja. Hesabu ikatoka: nyumba mia tatu thelathini na tatu zilipata taarifa. Saba hazikupata. Mmoja wa waliokosa alikuwa mwenyekiti mwenyewe, Taisto Kähönen, mzee mnene mwenye sauti ya trekta.

"Mimi sikupata kitu," alisema Taisto. "Na sikuumwa."

"Kwa sababu wewe hujaonja maji matupu tangu jeshini, mwenyekiti. Kahawa ndiyo imekuponya."

"Usinitanie, Aulikki. Ita fundi wa kompyuta."

Fundi aliitwa Veijo, mtu wa miaka hamsini, kitambi kikubwa, maneno mengi kuliko kawaida ya nchi ile. Alikaa kwenye kompyuta ya Aulikki akaanza kuuliza maswali ya mafundi wa barua pepe. Anwani zimeandikwa sawa? Sawa. Wametazama kwenye kasha la taka? Wametazama, hamna. Ni kampuni moja inayowapokelea barua? Hapana, ni tatu tofauti. Je, huko nje chama kimewekwa kwenye orodha ya wasumbufu ambao barua zao hukataliwa? Akapekua orodha zote, jina la Tervasuo halimo. Akatuma barua ya majaribio, neno moja tu, "habari". Ya Aulikki ikafika. Yake mwenyewe ikafika. Za wale saba hazikufika.

"Inatoka," alisema Veijo akikuna kidevu. "Hairudi. Ila haifiki. Dada Aulikki, barua ina tabia moja nzuri: ikikataliwa mlangoni, inarudi kulia kwa mama yake. Hizi zako hazirudi. Maana yake kuna aliyefungua mlango akazipokea."

"Nani?"

"Tuitazame mashine yenyewe."

Mashine ya barua ilikuwa chumba cha nyuma. Hapo ndipo penye neno. Ofisi ile iko ukingoni mwa ziwa, na chumba cha nyuma kilikuwa sauna ya chama, nyumba ya mvuke waliyoogea wanachama kwa zamu kila Jumamosi tangu enzi za babu zao. Mwishoni mwa Septemba halmashauri iliamua haina haja tena, kila mtu ana sauna yake nyumbani. Wakang'oa benchi, wakatoa jiko, mawe yake ya kumwagia maji wakayatupa ziwani, wakaingiza mashine. Sakafu ya vigae, tundu la hewa zuri, mlango mzito. Taisto alijisifu mwezi mzima.

Veijo alipofungua ule mlango joto lilimpiga usoni akarudi nyuma hatua mbili. Miwani ikajaa ukungu.

"Mmeweka hita humu?"

"Hamna hita," alisema Aulikki.

Kipimajoto cha mashine kilisoma digrii themanini na nne. Mashine ilipaswa kuwa imekufa siku nyingi. Ilikuwa inafanya kazi, taa zake za kijani zinapepesa, na ile harufu ya majani ya betula ilikuwa nzito kiasi kwamba unaweza kuitafuna.

Veijo alifuta miwani, akachomeka kompyuta yake ndogo, akaanza kusoma kumbukumbu za mashine. Akasoma. Akaigeuza kompyuta upande wa Aulikki.

"Soma wewe," akanong'ona.

Kila barua iliyotumwa kwa wale saba ilikuwa na mstari wake: imefikishwa. Lakini haikufikishwa mijini Kuopio wala Helsinki, kwenye mashine za kampuni zao. Ilifikishwa humu humu, ndani ya chumba hiki, kwenye kasha la mtu asiye na jina. Si Veijo aliyelianzisha kasha hilo, wala si Aulikki. Ndani mlikuwa na barua arobaini na tatu, kila moja nakala saba. Zote, isipokuwa ile ya majaribio ya leo, zimefunguliwa. Zimesomwa siku za Jumamosi, jioni, baina ya saa moja na saa mbili.

Ndipo nyuma yao, kwenye kona lilipokuwa jiko, pakasikika sauti ambayo Mfini yeyote anaijua kabla hajajua jina lake: tssssss. Maji yakimwagwa juu ya mawe ya moto. Kwenye kona hapakuwa na kitu isipokuwa vigae.

"Bomba linavuja," alisema Veijo, midomo imemkauka.

"Hakuna bomba upande huo."

Sasa angalia kosa la fundi. Mtu akiogopa hufanya haraka, na akifanya haraka hufuta. Veijo alilifuta kasha lile na barua zote arobaini na tatu, akaelekeza barua za chama zipite njia nyingine, akafunga mlango kwa bega. Alipofika kwenye gari lake alikuta kioo cha mbele kimejaa ukungu kwa ndani, na katikati ya ukungu kiganja kimoja, kikubwa, kimebandikwa kutoka upande wa kiti cha dereva.

Kwa siku tisa barua zilifika kila mahali. Taisto akasema, "Unaona? Ilikuwa mipangilio tu."

Siku ya kumi ilikuwa Jumamosi, katikati ya Desemba. Saa tisa alasiri kulikuwa giza tii, baridi digrii ishirini na mbili chini ya sifuri. Aulikki alikuwa ofisini kwa sababu maabara ilimwahidi majibu ya mwezi. Taisto alikuwepo kutia sahihi. Simu ikalia saa tisa na dakika ishirini: vijidudu vimerudi, na ni vingi kuliko mara ya kwanza.

Aulikki alituma taarifa. Kisha, kwa kuwa alishaumwa na nyoka yuleyule, akampigia Saimi. Oiva hunywa maziwa saa kumi kamili, kila siku, na Saimi huanza kukoroga dakika kumi kabla.

Simu iliita mara mbili, ikapokewa.

"Saimi? Mwanangu, usimpe mtoto maji, yamechafuka tena. Saimi?"

Aulikki akaibana simu sikioni. Halafu: tssssss. Na ndani ya ule mvuke, pumzi ndefu ya mtu anayeketi benchi la juu kabisa, mtu mzee, aliyeridhika.

Akakata, akapiga tena, yale yale. Akaandika ujumbe, ukaonyesha umesomwa papo hapo. Akapiga kwa simu ya Taisto. Mvuke. Wakajaribu wale wengine waliobaki kati ya saba, mmoja baada ya mwingine, na kila simu ilipokewa, na kila aliyepokea alikuwa anaoga.

"Gari," alisema Aulikki.

"Barabara haijakwanguliwa theluji. Ni nusu saa, pengine zaidi."

"Basi nenda, Taisto! Unanitolea macho ya nini?"

"Nakwenda. Lakini," na hapo mzee yule wa sauti ya trekta akanong'ona kama mtoto aliyevunja chungu, "Aulikki, mpigie Bibi Lempi, yeye anayajua mambo haya. Mwambie... mwambie ni mimi. Ile Jumamosi ya mwisho tulioga halmashauri, watu saba, na Saimi alikuwemo. Wewe ulikuwa na mafua, ulibaki nje ukichoma soseji. Tulipomaliza, wafanyakazi walitaka kung'oa jiko kesho yake asubuhi. Nikachukua mpira wa maji nikamwagia mawe maji ya baridi yapoe. Yote. Hatukumwachia mvuke wake."

Aulikki alimtazama kama mtu aliyekiri kuua. Maana hilo hawafanyi. Hata wasiosali hawafanyi. Watu wakishaoga wote, wa mwisho kutoka hutupa kata moja ya maji juu ya mawe, huacha ndoo imejaa na matawi yake, hushukuru, hufunga mlango, na zamu ya mwisho ni ya mwenye sauna. Wao humwita hivyo, mwenye sauna. Mimi namwita jini, maana jini ni jini hata akivaa sweta.

Bibi Lempi alikaa mita mia mbili kutoka pale. Alikuwa mpiga chuku, wa mwisho wilaya nzima, mwanamke wa miaka themanini na mbili anayefyonza damu chafu migongoni mwa watu kwa pembe na kisha kuwatukana kwa unene wao. Alikuja na kile kiti chake cha kuteleza juu ya theluji, taa kichwani, na alipoingia hakusema hata habari za leo.

"Saba?" akauliza.

"Saba, bibi. Na mjukuu wangu ananyweshwa dakika kumi na nane kutoka sasa."

"Amekasirika, lakini hasira si tatizo. Tatizo ni baridi. Mmemtoa mzee wa watu bila kuoga, halafu baridi ikaingia. Mlikula zamu yake, naye anakula zenu. Kila kinachokwenda kwa hao saba anakipokea yeye, anajikandia nacho mwilini, maana kina joto la mikono ya watu. Na huyo fundi wenu mjinga akaja akamfutia hata hicho kidogo." Akavua kofia. "Lazima aogeshwe. Sasa hivi."

"Jiko hatuna. Mawe yako chini ya barafu."

Lempi alifungua mlango wa chumba cha nyuma. Joto likatoka kama mnyama. Mle ndani taa zilikuwa zimezimika zenyewe, na kilichoonekana ni vidoti vya kijani vya mashine tu, vikipepesa polepole kama macho ya mtu anayesinzia.

"Pale pana moto," alisema akinyoosha kidole. "Alishachagua jiko lake mwenyewe. Chota maji."

"Bibi, hiyo ni mashine! Nikiimwagia maji imekufa. Majina yote, anwani zote, sina njia nyingine ya kumfikia mwanangu!"

"Na kwa hii unamfikia?"

Aulikki alishika kata. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika kumi na mbili kufika saa kumi. Alichota maji katika ndoo ya kudekia, akaingia kwa soksi zake juu ya vigae vilivyokuwa vinamchoma nyayo, na kwa kila hatua chumba kilirefuka, kona ikasogea mbali, na giza la upande wa juu, pale benchi zilipokuwa na sasa hapakuwa na kitu cha kukalia, likawa zito likachukua umbo la mtu aliyejikunyata, magoti kifuani, kichwa kimegusa dari, akitetemeka, meno yakigongana taratibu taratibu kama kokoto ndani ya kopo, na Aulikki alitaka kulia na machozi yakakaukia machoni kwa joto, ndipo akasema maneno aliyoyasikia kwa mama yake na mama yake kwa bibi yake, kwa sauti ndogo inayokatikakatika, "Ahsante kwa mvuke, mwenye sauna, sasa ni zamu yako, oga kwa amani," akamwaga kata nzima juu ya mashine.

Haikulipuka. Haikutoa cheche. Ilisema tssssss, kwa sauti pana ya mawe mazuri, na mvuke ukapanda mpaka dari ukarudi chini ukawafunika mabega kama blanketi. Vidoti vya kijani vikazimika kimoja kimoja. Mahali fulani juu, meno yakaacha kugongana.

"Acha ndoo. Toka. Usigeuke," alinong'ona Lempi.

Wakafunga mlango, wakasimama upande wa pili wameshikana mikono, bibi na katibu, wakisikiliza. Maji yalimwagika. Matawi yakapiga mgongo, chwap, chwap, chwap, na hapakuwa na matawi mle ndani. Mtu akakohoa. Halafu mtu akashusha pumzi, ndefu, ndefu mno, pumzi iliyoanzia Septemba.

Simu ya Aulikki ikalia. Nusura aiangushe.

"Mama? Mama, una wazimu?" Ilikuwa sauti ya Saimi, sauti yenyewe, na nyuma yake mtoto analia kwa njaa. "Simu yangu imeanza kulia kama kengele ya moto! Barua arobaini na ngapi sijui, zote kwa mpigo, za tangu Oktoba! Na hii ya juu inasema maji..."

"Oiva amekunywa?"

"Chupa ninayo mkononi. Nilikuwa namwekea mdomoni."

"Mwaga. Mwaga, mwanangu. Mwaga yote."

Akasikia maji yakitiririka kwenye sinki, ng'ambo ya ziwa. Aulikki akakaa chini sakafuni pale pale, akamsikiliza mjukuu wake akilia, na hakuwahi kusikia kitu kitamu vile. Taisto alifika kwa Saimi dakika ishirini baadaye, amejaa theluji mpaka kwenye nyusi, akakuta watu wanachemsha maji. Akaombwa avue viatu.

Mlango wa nyuma walifungua asubuhi. Mashine ilikuwa baridi, imekufa kabisa. Ndoo ilikuwa tupu, kavu. Veijo alikuja akaapa kwamba barua zile alizifuta kwa mikono yake, na kwamba mashine iliyokufa haiwezi kutuma hata neno "habari". Hakuna aliyembishia. Kabla ya mwaka kwisha halmashauri ilipitisha, bila kura ya hapana, kwamba chumba kirudishiwe jiko.

Lakini wale saba walipohesabu barua walizopokea siku ile, kila mmoja alikuta imezidi moja ambayo Aulikki hakuiandika. Ilitoka kwenye anwani ya chama, saa kumi kasoro dakika kumi, mashine ikiwa imeshakufa. Ilikuwa na maneno matatu tu: "Na Jumamosi ijayo?"

Hapo nisimame niseme kweli, maana mimi si mwongo. Yote niliyokusimulia ni kama yalivyokuwa, isipokuwa hayo maneno matatu, hayo nimeyatia mimi. Barua ile niliiona kwenye simu ya Saimi, nimeishika mkononi. Haikuwa na neno hata moja. Ilikuwa tupu, nyeupe, na kioo cha simu kilikuwa na jasho kwa ndani. Nimeiandikia maneno kwa sababu kila nikiikumbuka ile nyeupe, sijui yule mwenye sauna alitaka kusema nini.